TUOMBE MAJI KWANZA

Somo: Yohana 4:1–42



Iko habari moja katika Injili ambayo sisi wakazi wa Tabata hatuhitaji kufafanuliwa sana, maana ni habari ya mtu mwenye kiu na mwingine mwenye chombo cha maji. Bwana wetu Yesu Kristo alikuwa safarini, akitoka Uyahudi kwenda Galilaya. Akafika karibu na Sikari, mji wa Wasamaria, akaketi kando ya kisima cha Yakobo, amechoka. Mtume Yohana anatuambia kuwa ilikuwa yapata saa sita, naye huhesabu saa kama tunavyohesabu sisi, basi twajua lilikuwa jua la utosini. Wanafunzi wake walikuwa wamekwenda mjini kununua chakula. Hapo akaja mwanamke mmoja, peke yake, kuteka maji.

Wengi wetu tumeisikia habari hii tangu darasa la kipaimara, nasi hukimbilia upesi mahali pale Bwana anapozungumza juu ya maji ya uzima. Leo tusikimbie. Tusimame kidogo kwenye neno lake la kwanza. Hakuanza kwa kumhubiri yule mama. Hakuanza kwa kumhesabia waume zake watano. Alianza kwa kumwomba maji ya kunywa.

Aombaye hujishusha. Mwenye kuombwa, hata akiwa maskini namna gani, kwa dakika ile ndiye mkubwa, maana anaweza kutoa au kunyima. Tena Wayahudi wa siku zile hawakuchangia vyombo na Wasamaria. Mwanamke yule alishangaa kwa sababu hakuwa amewahi kumwona Myahudi aliyekuwa tayari kuweka midomo yake kwenye chombo cha Msamaria. Yeye aliye na maji yasiyokwisha alijifanya mhitaji mbele ya mtu ambaye watu wa dini walimdharau. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza, na mwisho wake mji mzima ulitoka kwenda kumwona.

Ndugu, je, sisi huwaendeaje jirani zetu?

Mara nyingi huwaendea kama wagawaji. Tunakwenda tukiwa tumeshiba, tukidhani yule tunayemwendea ana njaa tu, wala hana chochote cha kutupa. Tunakwenda na jibu kabla hajauliza swali. Wengine wetu hata hatuendi, bali tunafungulia spika hadi usiku wa manane, mgonjwa wa nyumba ya pili asipate usingizi, nasi twasema tumehubiri Injili. Wazee wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tunapopiga kelele kupita kiasi, jirani ana haki ya kujiuliza kama kitu chetu kweli ni chema.

Hatuandiki haya kwa kumnyoshea mtu kidole. Sisi wenyewe, mwandishi wa ukurasa huu, tuna kosa letu, nasi tumeona ni vema kulieleza, labda litamsaidia mwingine.

Tunaye jirani yetu Mwislamu, fundi cherehani, mtu wa makamo yetu. Tumeishi naye miaka mingi, watoto wetu na wake walisoma pamoja. Mwaka 2020 alifiwa na mkewe. Tulikwenda msibani kama ilivyo desturi yetu sote, tukaketi mkekani pamoja na wanaume wengine. Siku ya tatu, watu walipopungua, tuliona tumepata nafasi. Tukaanza kumweleza yule Fundi habari za ufufuo. Tena hatukuishia hapo. Tulimwambia kuwa asiye na Kristo hana tumaini mbele ya kaburi, na kwamba afikirie mambo hayo mapema kabla hayajamkuta yeye. Tulisema kwa ufasaha, maana tumefundisha miaka 34, na maneno hayatupigi chenga. Fundi alitusikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Asante, Mwalimu." Akainuka, akaingia ndani.

Tangu siku ile tulipopita mbele ya kibaraza chake alituitikia salamu, basi. Zamani angetuita tukae, angetuletea kahawa, tungezungumza habari za wajukuu. Sasa cherehani yake iliendelea kulia, naye akawa haondoi macho kwenye kitambaa. Moyoni tulijifariji kuwa tumeteseka kwa ajili ya Injili. Ndugu zangu, hakuna udanganyifu mbaya kama ule wa kuyaita makosa yetu msalaba.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kanuni moja ambayo kila mwalimu anaijua: somo huanza na lile mwanafunzi analolijua, ndipo umpeleke kwenye lile asilolijua. Mwalimu asiyejua mwanafunzi wake amefika wapi atafundisha ubao. Pia tulijifunza, si chuoni bali darasani, kwamba mtoto ukimcheka mara moja kwa jibu lake, mwaka mzima hatainua tena mkono. Tulizijua kanuni hizo kwa hesabu na kwa jiografia. Msibani kwa Fundi tulizisahau. Hatukumwuliza anaumwa wapi. Hatukumwuliza mkewe alikuwa mtu wa namna gani. Tulimwona kama ubao.

Tuliohamia Tabata miaka ile ya 1980 tunakumbuka jalala la jiji lililokuwa hapa kwetu. Moshi wake haukuuliza mtu dini yake. Uliingia nyumba ya Mkristo na ya Mwislamu, na nzi walitua kwenye sahani zote. Mwaka 1988 wakazi walikwenda Mahakama Kuu kulidai Jiji liache kumwaga taka katikati ya makazi ya watu, na mahakama ikawapa haki. Haikuwa kazi ya siku moja, Jiji liliomba muda na muda tena, lakini mwisho jalala likaondoka. Leo limebaki jina tu, na kijana wa daladala akiita "Dampo" wala hajui lilikuwa nini. Ni jambo la kumshukuru Mungu, na la kuwashukuru majirani wale walioshikamana.

Lakini tusisahau sehemu ya pili ya habari ile. Taka hazikutoweka. Baada ya kuhangaika huku na huku, katika miaka ya 1990 zilikuwa zikimwagwa Vingunguti, nako kuna watu, kuna watoto. Sisi tulipumua, wenzetu wakaanza kukohoa.

Tunaposhinda mabishano ya dini mara nyingi hufanya hivyo hivyo. Tunashinda. Tunarudi nyumbani tukipumua vizuri, tumetoa hoja zote, aya zote zimetajwa kwa sura na mstari. Lakini uchungu haukutoweka. Tumeumwaga nyumbani kwa jirani, naye analala nao. Na uchungu uliomwagwa siku moja hutafuta mahali pa kutokea.

Jiji letu limewahi kuonja jambo hilo. Mwezi Oktoba 2012, kule Mbagala, watoto wawili walibishana juu ya Kurani. Mmoja wao, mwenye umri wa miaka 14, akakitendea kitabu kile jambo la kukivunjia heshima. Habari zikaenea, hasira ikawaka, na makanisa kadhaa yakashambuliwa, mengine yakatiwa moto. Hatuhalalishi hata kidogo kuchoma nyumba ya ibada ya mtu yeyote. Lakini sisi wazazi na walimu yatupasa tujiulize: watoto wale walijifunza kwa nani kwamba dini ni kitu cha kubishaniana? Mtoto hazaliwi na mabishano. Huyasikia barazani, kwenye daladala, na siku hizi huyaona kwenye simu. Huwasikia watu wazima wakichekelea kitabu cha wenzao. Kisha siku moja anafanya kwa mikono yake yale waliyokuwa wakiyasema wakubwa kwa midomo yao.

Basi imani ilitufikiaje sisi wenyewe? Dayosisi yetu ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1965, nayo ilitoka katika ile ya Zanzibar. Kwa hiyo tukitaka kujua mizizi yetu hatuna budi tuvuke bahari hadi Unguja.

Mwaka 1864 walifika huko Askofu Tozer na Padre Edward Steere. Steere alizaliwa London mwaka 1828, alikuwa mtu msomi sana, amehitimu sheria. Mtu kama huyo angeweza kusimama tangu siku ya kwanza akawahutubia watu kwa lugha yake, na mkalimani kando. Badala yake aliketi chini akawa mwanafunzi. Aliwasikiliza watu wa Unguja, wengi wao Waislamu, wakimsimulia hadithi zao, naye akaziandika kama zilivyosimuliwa. Mwaka 1870 alizichapisha katika kitabu, na mwaka huo huo akatoa kitabu cha kuwasaidia wageni kujifunza Kiswahili. Fikirini, ndugu: kabla ya kuwapa watu wale kitabu chake, alipokea kwanza hadithi zao. Aliomba maji. Kisha kwa lugha ile ile aliyoazima kwa wenyewe akafanya kazi ya kutafsiri Maandiko. Alifariki Unguja mwaka 1882, akazikwa ndani ya Kanisa Kuu la Mkunazini, nyuma ya altare. Biblia nzima kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1891, miaka 9 baada ya kifo chake. Hakuiona, lakini jasho lake limo ndani yake.

Kanisa Kuu lile lenyewe lina mafundisho. Limejengwa palipokuwa soko la watumwa, baada ya soko hilo kufungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka huo huo. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na Jairam Senji, mfanyabiashara Mhindu, asiye Mkristo. Saa ya mnara, twaambiwa, ilikuwa zawadi ya Sultani Barghash, Mwislamu. Basi anayejivuna kwamba sisi Wakristo ndio watoaji siku zote, na wengine ni wapokeaji tu, aende Mkunazini akaitazame ile saa.

Tena kuna habari ya wavulana watano. Askofu Tozer alipofika, Sultani Majid alimkabidhi wavulana watano waliookolewa kutoka katika jahazi la watumwa. Mtoto aliyetoka kwenye jahazi la namna ile haumtangulizii katekisimu. Unampa maji, unampa nguo, unamwuliza jina lake. Mmoja wao ndiye John Swedi, ambaye mwaka 1879 alipewa daraja ya ushemasi, shemasi wa kwanza Mwafrika katika misheni ile. Nao waliomfuata, kama Padre Cecil Majaliwa aliyepewa upadre mwaka 1890, walikwenda kuwahubiri Wayao kule kusini. Majaliwa pia alikuwa ameuzwa utumwani akiwa mtoto. Watu hawa walijua maana ya kuhurumiwa, ndiyo maana waliweza kuhurumia.

Hatusemi kwamba wamisionari wote walikuwa kama Steere. Wako waliotudharau, wakaziita mila zetu zote giza bila kuuliza. Tunawajua, na majeraha yao tumeyarithi. Lakini tukitazama vizuri tutaona kuwa mbegu zilizoota na kudumu ni zile zilizopandwa na watu waliojifunza kwanza kusikiliza.

Hapa msomaji mmoja atatuuliza: "Mwalimu, unataka kusema tunyamaze? Kila mtu abaki na dini yake, tuishi kwa amani?" La hasha. Bwana alimwomba mwanamke maji, lakini hakuishia kwenye maji. Alimweleza kweli yote, hata ile iliyomhusu maisha yake ya ndani, na mwisho akamwambia wazi kuwa yeye ndiye Masihi. Mtume Petro katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, anatuagiza tuwe tayari siku zote kumjibu mtu anayetuuliza kwa nini tuna tumaini. Tusiwe Wakristo bubu. Mtu aliyeponywa homa asiyemwonyesha jirani yake mgonjwa njia ya zahanati hana upendo. Lakini Petro huyo huyo, katika mstari ule ule, anatutaka tujibu kwa upole na kwa heshima. Tena anazungumza juu ya mtu anayeuliza. Swali letu basi ni hili: je, maisha yetu hapa Tabata yanamfanya mtu yeyote atamani kutuuliza?

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, ambayo kila mmoja anaweza kuyafanya pasipo kuwa na cheo chochote kanisani.

Kwanza, tujue majina. Ni aibu Mkristo kuishi miaka 10 akimwita jirani yake "yule Mwislamu wa pale kona" au "yule mlevi wa nyumba ya kijani". Mchungaji mwema huwaita kondoo kwa majina. Tumjue jirani, watoto wake, kazi yake, na siku zake za furaha na za huzuni.

Pili, tukubali kupokea. Tukialikwa futari, twende. Tukiletewa pilau ya Idi, tule na kushukuru, wala tusiifanyie uchunguzi. Mtu ambaye hukubali kula chake kamwe, hatakubali kula chako. Na tukipungukiwa tusione haya kubisha hodi.

Tatu, tusikie kabla ya kusema. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, Filipo aliambiwa alikaribie gari la yule mkuu kutoka Kushi. Alikwenda mbio, lakini alipofika alisikiliza kwanza, akasikia mtu yule anasoma nabii Isaya. Kisha akauliza swali. Hakupanda garini mpaka alipokaribishwa, na alipopanda aliketi kando yake. Alianza na andiko lile lile ambalo mwenzake alikuwa amelishika mkononi. Ndugu zetu walimu wa shule ya Jumapili, hilo ni andalio la somo lililokamilika.

Nne, tuseme yale tuliyopewa sisi, tusiseme yale wanayokosa wao. Yule mama wa Samaria hakuwa na elimu ya dini. Alirudi mjini akawaambia watu habari za mtu aliyemjua undani wake, akawaalika waje wajionee. Hakuwaita makafiri. Hakujifanya kuwa bora kuliko wao, maana wote walimjua. Hata mtungi wake aliuacha pale kisimani.

Nanyi msidhani kwamba haya ni kwa jirani wa dini nyingine tu. Wako watoto wetu wenyewe, tuliowabatiza kwenye kisima cha kanisa letu, ambao leo hawaji. Kijana anayekaa kijiweni na bodaboda yake Jumapili asubuhi, sisi tukipita na Biblia kwapani, humwambia nini? Tunamwuliza mbona haonekani kanisani, tena kwa sauti ya kumshitaki. Je, tumewahi kumwuliza pikipiki ni yake au ya tajiri, na jioni anapeleka hesabu ya shilingi ngapi, na siku abiria wakikosekana anakula nini? Binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, akaacha kuimba kwaya kwa sababu ya macho yetu, nani amekwenda kumwona mtoto? Yule mwanamke wa Samaria alikuja kisimani saa sita, wakati jua ni kali. Wafasiri wengi hudhani alikwepa wanawake wenzake wa asubuhi. Na tuangalie asije akawa na dada zake katika ibada yetu, wanaokuja ibada ya pili kwa sababu wanatukwepa sisi wa ibada ya kwanza.

Sasa turudi kwa Fundi, maana hatukumaliza.

Mwaka 2022, miezi ile ya Oktoba na Novemba, mto Ruvu ulipungua sana kwa ukame na maji ya jiji yakawa ya mgao. Wakati huo huo sisi tulianguka kutoka kwenye bodaboda tukavunjika mguu. Mama wa nyumbani kwetu alikuwa Muheza akimwuguza mama yake mzazi. Tulikaa na mjukuu mmoja wa darasa la tatu, na tangi letu lilikuwa tupu. Fundi ana kisima uani kwake. Siku mbili tulijikaza. Siku ya tatu tulimtuma mtoto na kindoo kidogo, tukimwambia amwombe Fundi maji, hata ya kunywa tu.

Mtoto alirudi mikono mitupu. Nyuma yake alikuja Fundi mwenyewe, na madumu mawili ya lita 20, moja kila mkono, mtu wa miaka sitini na ushee. Akayaweka jikoni. Akatuuliza mguu unaendeleaje. Kesho yake akaja tena, na kesho kutwa, kwa wiki tano. Hakutuambia neno lolote juu ya dini yake. Hakukumbusha lililopita.

Wiki ya pili tukashindwa kunyamaza. Tukamwambia, "Fundi, siku ile ya msiba wa mama tulikukosea." Akakaa kwenye kigoda, akatutazama. Akasema, "Mwalimu, siku ile ulikuja kulia na mimi, au ulikuja kusomesha?" Tukamjibu kweli, kwamba tulikuja kusomesha. Tukamwomba radhi. Akasema, "Yamekwisha." Kisha kwa mara ya kwanza tukamwuliza habari za marehemu mkewe, naye akazungumza mpaka adhuhuri.

Baadaye, siku moja, ni yeye aliyeuliza. Alisema, "Mwalimu, usiku ukiwa peke yako na maumivu hayo, unaomba nini?" Ndugu, tulikuwa tumefundisha miaka 34, lakini hatukuwa na hotuba. Tulimwambia kwa maneno machache kwamba tunamwomba Yesu, kwa sababu yeye mwenyewe alipigwa, akaachwa na rafiki zake, akasema ana kiu. Na kwamba usiku tukimwita hatuoni kuwa tunamwita mtu asiyejua maumivu. Tulimwambia pia kwamba usiku mwingine tunaita na hatusikii kitu, lakini asubuhi tunakuta bado tunaamini, na hatujui imani hiyo inatoka wapi kama si kwake.

Fundi alinyamaza kidogo. Akasema, "Haya siku ile hukuyasema." Adhana ikalia, akainuka, akaenda kuswali.

Hadi leo Fundi ni Mwislamu, nasi ni Wakristo. Kahawa imerudi kibarazani. Wako watakaosema kwamba basi hatukufanya kitu. Sisi hatuoni hivyo, lakini pia hatutaki kujidanganya: tungependa siku moja Fundi amjue Kristo kama tunavyomjua, wala hatuoni haya kuliandika. Tunamwombea kila jioni, kwa jina lake. Kupanda ni kwetu, kumwagilia ni kwetu, bali kuotesha ni kwa Mungu, kama Mtume Paulo alivyowakumbusha Wakorintho. Mkulima anayefukua mbegu kila asubuhi atazame kama imeota huiua mwenyewe. Na kwa kweli, tukikumbuka wiki zile tano, hatuna hakika ni nani kati yetu aliyekuwa akimwagilia. Aliyebeba maji ni yeye.

Hivyo wiki hii, ndugu wapendwa, kila mmoja wetu achague jirani mmoja. Asimpelekee kitu. Amwombe kitu: chumvi kidogo, ufagio, shauri, habari za alikotoka. Aketi asikilize. Ikiwa Mungu atapenda, swali litakuja kwa wakati wake, nasi tuwe na jibu letu tayari, fupi na la kweli.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu Kristo, uliyeketi kisimani umechoka ukamwomba mgeni maji, utuondolee kiburi cha kujiona tumeshiba. Utusamehe jirani zetu tuliowaumiza kwa jina lako. Utufundishe kupokea, kusikia na kunena kwa upole, hata wale wanaoishi karibu nasi wapate kuona kwetu, ijapokuwa kidogo, huruma yako wewe. Uwakumbuke wote waliotuletea maji wakati wa kiu yetu, waliokujua na wasiokujua. Unayeishi na kutawala pamoja na Baba na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja, milele na milele. Amina.